Bi Savsan na Nyota Aliyoiamini Miaka Kumi na Mmoja

Tarehe 30 Septemba Bi Savsan Nazrishoeva anarudisha ufunguo wa kuba letu la kutazamia nyota hapa Kaftarkuh, baada ya kuushika miaka thelathini na minane. Alipoajiriwa aliambiwa ni kazi ya miezi sita, kumshikia nafasi mwangalizi aliyekwenda Khujand kujifungua. Mwangalizi yule hajarudi mpaka leo, na mtoto wake sasa ana ndevu.

Kazi yake imekuwa nyota zenye mkia, na zile ambazo mwanga wake hupanda na kushuka. Za mkia ndizo huleta wageni. Mwaka ilipoonekana moja kubwa, kijiji kizima kilipanda mlima na mikate na aprikoti kavu. Bibi mmoja alichungulia kwenye darubini, akamgeukia: "Mwanangu, ni hii tu inayokunyima usingizi? Mbona hata nywele haijachana?" Bi Savsan alicheka, kisha akaandika daftarini: mkia umetawanyika. Na kweli ulikuwa umetawanyika.

Lakini moyo wake uko kwa zile za kupanda na kushuka. Kuzipima kwa macho kunataka nyota jirani yenye mwanga uliotulia, kama muuza unga anavyotaka jiwe la mizani lisilobadilika uzito. Na hapa kituoni ni marufuku kutazama kipimo cha jana kabla hujaandika cha leo, jicho lisije likaona linachokitarajia. Sisi wengine tumewahi kuchungulia. Yeye alibana ukurasa wa jana kwa pini ya nywele.

Mwaka 2003, akijumlisha vipimo vya miaka kumi na mmoja vya nyota aliyoipenda kuliko zote, aliona hesabu hazikai sawa. Mwezi mzima alikuwa mkali, hata chai yetu ilimkera. Asubuhi moja akaingia kwa mkurugenzi, Bwana Rahmatulloev, siku tatu kabla ya kupeleka Dushanbe ripoti ya vipimo hivyo, ambayo ingempa cheo cha mtafiti mkuu.

"Ustadhi, jiwe langu la mizani ni bovu. Ile nyota jirani nayo inapanda na kushuka. Ripoti iondolewe."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi kunywa chai, dada. Nenda Dushanbe ukaisome ripoti yako, utasahihisha mwakani."

"Na watakaoitumia mpaka mwakani? Iondoe, Ustadhi, kabla sijaingiwa na tamaa."

Ripoti iliondolewa. Cheo kikaenda kwa mwingine, na kwa kuwa huyo mwingine ni mimi, naweza kusema wazi kwamba niliona haya.

Tulidhani atayachoma madaftari. Badala yake aliyasoma upya. Nyota aliyoipenda hupanda na kushuka kwa zamu ileile inayojulikana, kwa hiyo kila kosa katika vipimo vyake lilikuwa kipimo cha ile jirani. Ilimchukua miaka minne. Waangalizi wote wengine waliitumia jirani ile bila kuichunguza. Yeye alikuwa ameipima miaka kumi na mmoja bila kujua. Leo imo kwenye orodha ya nyota za aina yake, kwa kazi yake.

Bi Savsan, kiti kile cha mtafiti mkuu nimekikalia miaka ishirini na moja, na kila mwaka nilitaka kusema mbele ya watu kwamba kilikuwa chako. Safari hii nimepewa kalamu, basi nimesema. Asante, dada. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na usingizi ukulipe madeni yake yote.