Mama Vipimo na Chupa Zisizotikiswa

Ndugu waombolezaji, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa na familia kazi nisiyoiomba, ya kuwasimulia maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vipimo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili wa fundi mitambo na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1983 akahitimu chuo cha ufundi wa maabara.

Tarehe 2 Julai 1984 aliajiriwa katika maabara ya dawa za mimea, akakutana huko na fundi majokofu, wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakimtania mama yao kwamba hata sukari ya chai ya mgeni aliisawazisha kijikoni kwa kisu.

Mwaka 2009 maabara yake ilipata dawa ya majani iliyoua vijidudu vya vidonda sugu, na kwa kuwa majibu ya maabara moja hayatoshi, chupa zilipelekwa kwenye maabara nyingine mbili, pamoja na maelekezo aliyoyaandika marehemu, lakini kote wakaambulia patupu, vijidudu vikastawi kana kwamba vimemwagiwa maji, minong'ono ikaanza kwamba Mama Vipimo amepika majibu, na utafiti ukafungwa.

Aliumia sana dada yetu, mpaka Februari 2016 alipofunga safari kwa nauli yake hadi maabara ya pili, akamwona fundi mwenzake akivuta dawa ya juu, iliyotulia, na kuyaacha chini ya chupa mashapo, ambamo nguvu ya dawa ilikuwa imezama, ndipo akaketi kwenye stuli akacheka mpaka akalia, maana kwenye maabara yake kila mtu alitikisa chupa kabla ya kuchota, yalikuwa mazoea kama kunawa mikono, na ndiyo maana hakukumbuka kuyaandika kwenye maelekezo. Aliomba vipimo virudiwe, akaambiwa faili limeshafungwa, akaomba tena, akapigwa danadana hadi alipostaafu mwaka 2021.

Oktoba 2022 kisukari kilimletea kidonda cha mguu, cha aina ile ile aliyoitafutia dawa, binti yake mkubwa akamsihi ajipake dawa yake mwenyewe, akakataa katakata, akisema dawa isiyothibitishwa si dawa, mguu ukakatwa, sumu ikawa imeshaingia kwenye damu, akafariki hospitalini tarehe 9 Mei 2023, mumewe akiwa amemshika mkono. Hatuna la kujifariji, na hatutajifanya tunalo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliotuletea maji na viti, na wafanyakazi wa maabara zote tatu mliokuja na mashada, na kwa kuwa tumeambiwa chupa zile bado zimo kwenye majokofu yenu, tunawaomba, kabla hazijatupwa, mtu mmoja tu azitikise.

Umechoka, dada. Pumzika kwa amani.