Lori la Jumanne la Mwalimu Asnath

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, iwe Sumbawanga mjini, Matai, Kaengesa, au kule Kabwe ufukweni ambako najua redio inagombana na injini za mitumbwi. Sogezeni vigoda. Leo tunamkumbuka Mwalimu Asnath Mnzava. Mwalimu Asnath Mnzava, aliyetutoka mwezi Februari mwaka huu akiwa na miaka sitini na saba.

Wengi mlimjua kwa chaki. Mimi mtangazaji wenu nilimjua kwa chaki na kwa fimbo pia, na zote nilistahili. Lakini leo sizungumzii shule. Leo nazungumzia lori. Nazungumzia miezi minane ambayo mama huyu, mstaafu, mgeni katika nchi hii ya Ufipa na mgeni zaidi katika kazi ya magari, alikaa akijiuliza swali moja: ninunue au nisinunue?

Asnath alizaliwa Same, huko milimani kwa Wapare. Alikuja kwetu akiwa binti wa miaka ishirini na mitatu, na sanduku la bati na barua ya ajira. Akapangiwa kijiji kimoja kilicho mbele ya Kaengesa, njia ya udongo. Alidhani atakaa miaka miwili. Akafundisha miaka thelathini na saba. Akaolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja, Sharon, ambaye sasa ni muuguzi. Ungemwambia kwamba ni mgeni, angekucheka. Alikuwa na Kifipa cha kusalimia, cha kununulia maharage na cha kugombezea.

Alipostaafu, kaka yake mkubwa, Mzee Eliakimu, alimpigia simu kutoka Same. "Mdogo wangu, rudi nyumbani. Kiwanja cha baba kinakungoja. Matofali nimeshachoma." Hayo ni maneno mazito kwa mtu aliyekaa ugenini ujana wake wote. Asnath aliyafurahia. Akasema, "Nakuja kaka, nipe muda kidogo."

Alitaka muda kwa sababu ya lori. Kwa miaka mingi aliona watu wake wakilima mahindi mazuri na kuuza kwa bei ya kutupa. Alifikiri dawa ni usafiri. Kiinua mgongo chake kingetosha jambo moja tu: nyumba Same, au lori Ufipa. Vyote viwili haviwezekani. Nalirudia hilo, wasikilizaji, maana ndilo lililomkosesha usingizi. Nyumba Same, au lori Ufipa.

Basi akasema ajaribu kwanza. Mwezi Julai, wakati wa mavuno, alikwenda mjini kwa Bwana Raymond, mwenye malori, akakodi lori la tani kumi kwa siku moja. Raymond alinisimulia mwenyewe, anacheka huku anafuta macho. "Nilimwambia, mwalimu, una uhakika na mzigo? Akaniambia, Raymond, watu arobaini na watatu wamenyoosha mikono."

Na kweli walinyoosha. Jumapili baada ya ibada aliita mkutano kwenye uwanja wa shule. Akasimama mbele. Akaeleza vizuri, kama alivyojua kueleza. Kisha akauliza: "Wangapi watapakia mahindi yao kwenye lori langu? Nyoosheni mikono." Mikono ikapanda yote. Akaihesabu, akaandika kwenye daftari.

Siku ya siku lori likaja, likapiga honi, likangoja. Likangoja mpaka jua likageuka. Lori la tani kumi lilirudi mjini na magunia tisa na mbuzi mmoja. Huyo mbuzi hata hakuwa mzigo, alikuwa anapelekwa kwa wakwe.

Mwalimu aliumia. Tuseme ukweli, alidhalilika. Alijifungia ndani siku mbili. Alijiona mjinga, mzee, na jambo ambalo hakuwa amelihisi kwa miaka thelathini: alijiona mgeni. Alifikiri watu wamemcheka usoni kwake. Alianza kufunga vyombo. Sharon anakumbuka: "Nilimkuta anafunga sahani kwenye magazeti. Akasema, mwanangu, kumbe hawa watu sikuwajua."

Aliyembadilisha ni mama mmoja mkulima, jirani yake, anaitwa Bertilla. Bertilla aliingia na bakuli la njugu, akakaa jikoni bila kukaribishwa, akaziona zile sahani. Mazungumzo yao Bertilla aliyarudia mbele ya kinasa sauti chetu, nami nawapa kama yalivyo.

"Mwalimu, unahama kwa sababu ya mahindi?"

"Nahama kwa sababu mlinidanganya, Bertilla. Hata wewe ulinyoosha mkono."

"Nilinyoosha, ndiyo. Mwalimu, mimi umenifundisha toka darasa la kwanza. Ukisimama mbele ukasema nyoosheni, mkono wangu unapanda wenyewe. Na wa mume wangu hivyo hivyo. Ulituuliza kama watoto, tukakujibu kama watoto."

Asnath aliiweka chini sahani aliyokuwa anaifunga. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Sasa mahindi yenu mlimpa nani?"

"Madalali. Kila Julai wanakuja wenyewe, wanagombania mpaka wanatusumbua. Julai hatuna shida ya gari, mwalimu. Usingetuuliza Julai. Njoo uniulize Januari."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo ninapompendea mama huyu. Mtu mwingine angesema asante kwa njugu, akaendelea kufunga sahani. Yeye alizifungua. Akampigia kaka yake, akamwomba muda mwingine. Mzee Eliakimu hakufurahi.

Asnath hakuitisha mkutano tena. Alitembea nyumba kwa nyumba. Hakusimama mbele ya mtu. Alikaa jikoni, akamenya maharage, akapuliza moto, akasikiliza. Mwanzoni walimwamkia shikamoo mwalimu na kukaa wima kama wanasubiri mtihani. Baadaye wakazoea. Na walipozoea wakaanza kumwambia mambo ambayo hawakuwahi kumwambia kwa miaka thelathini na saba.

Januari ikafika. Ninyi mnaijua Januari ya Ufipa. Mvua inanyesha mpaka vyura wanachoka. Asnath aliona kwa macho yake: mbolea imeachwa kule barabara ya lami, na watu wanaibeba kwa baiskeli na kichwani, kilomita kumi na nane za tope. Aliona mahindi yaliyobaki ghalani yakiliwa na wadudu, na mjini wakati huo huo bei imepanda. Na magari? Hakuna. Wenye magari walikuwa mjini, magari yao yamepumzika. Aliwauliza kwa nini hawaji. Wakamwambia mwenye akili hapeleki gari kwenye tope.

Hapo swali likawa gumu zaidi, siyo jepesi. Sasa alijua shida ilipo. Lakini kama wazoefu wa kazi wanaikimbia hiyo shida, yeye mwalimu wa hesabu ataiweza kwa lipi?

Akafanya jambo ambalo watu walilisimulia kwa mwaka mzima. Alichukua mwavuli na ndoo, akaenda bondeni, pale barabara inaposhuka kuvuka kijito, mahali ambapo kila gari hukwama. Akageuza ndoo, akaikalia. Siku tatu. Alikaa siku tatu anatazama tope. Watu wakadhani kustaafu kumemwathiri.

Katika siku hizo tatu yalifika malori makubwa matatu tu, ya madereva wasioijua njia. Mawili yalizama mpaka ekseli, la tatu liligeuza likarudi. Siku ya tatu alasiri ikaja kenta, lori dogo la tani tatu na nusu, imebeba vyombo vya mtu anayehama. Haikujaa, nusu tu. Ikashuka, ikateleza, ikapita. Asnath alisimama. Akamkimbilia dereva na mwavuli wake, akamuuliza: "Baba, ungekuwa umejaza, ungepita?" Dereva akamjibu, "Ningejaza, mama, ungenikuta hapa mpaka Pasaka."

Dereva huyo aliitwa Kasimiri. Mzikumbuke siku hizo tatu, maana ndizo zilizoamua. Kumbe kosa la wenye magari halikuwa woga. Walitaka kila safari ijae. Asnath, ambaye hakuwa ameifanya kazi hiyo hata siku moja, hakuwa na mazoea ya kujaza.

Jioni ile alimpigia kaka yake. Sharon alikuwa pembeni. Anasema mama yake alisimama wima kama mwanafunzi anayesoma mbele ya darasa. "Kaka, kiwanja mpe mwanao. Mimi nanunua gari." Simu ikakatwa. Haikulia tena kutoka Same kwa miaka sita. Asnath alilia, akanawa uso, na asubuhi akaenda kumtafuta Kasimiri, awe dereva wa kenta atakayoinunua.

Basi likaanza lori la Jumanne. Kila Jumanne, jua au mvua, nusu mzigo, halijazwi hata ukibembeleza. Mjini wakalitania, lori la mwalimu halishibi. Hakutajirika. Gia boksi ilimfia mwaka wa pili, akauza ng'ombe wake wote wawili. Nyumba ya kujenga hakuijenga kamwe. Lakini Bertilla anasema, "Mahindi yangu ya Januari yalianza kunifaa mimi badala ya kuwafaa wadudu. Hilo naweza kuapa."

Februari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Akalazwa mjini siku nne, akafariki. Alikuwa amesema azikwe kijijini.

Mzee Eliakimu alifunga safari kutoka Same, siku mbili barabarani. Alifika na uchungu wake wa miaka sita. Kwenye kikao cha familia alisema lori liuzwe wiki hiyo hiyo, na Sharon, ambaye hajui spana wala jeki, alikubali.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Gari la kukodi la kubebea mwili lilifika mwisho wa lami, dereva akatazama mbele, akakataa. Ikabidi jeneza lihamishiwe kwenye lori la marehemu. Mzee Eliakimu akapanda mbele na Kasimiri. Ilikuwa Jumanne.

Baada ya lile bonde, bibi mmoja alisimama barabarani akapunga mkono. Anaitwa Bibi Josefina, anaishi peke yake, mbali na majirani, hana simu. Habari hazikuwa zimemfikia. Alikuwa na magunia mawili ameyafunika nailoni. Kasimiri alisimamisha gari, akainamia usukani. Ndipo Mzee Eliakimu akateremka kwenye tope na viatu vyake vya msiba.

Bibi akamuuliza, "Mwalimu yuko wapi leo?"

Mzee akasema, "Yumo humu nyuma, mama. Tunakwenda kumzika."

Bibi Josefina alikaa chini pale pale, juu ya gunia. Alilia kwa muda mrefu. Mzee alimshikia mwavuli. Halafu yule bibi alijifuta uso, akamwangalia, akauliza swali ambalo Mzee Eliakimu ameniambia hatalisahau mpaka anaingia kaburini.

"Na gari je, baba? Litakuja tena?"

Mzee aliniambia: "Mwanangu, nilikuwa nimeshapata mnunuzi. Jina lake lilikuwa mfukoni mwangu. Nikajisikia nasema, litakuja, mama. Jumanne litakuja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wa redio hii, nampa pole binti yetu Sharon. Nampa pole Mzee Eliakimu na ndugu wote wa Same. Pole Kasimiri, pole Bertilla, pole kijiji kizima. Mungu ampumzishe mwalimu wetu mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, uliye ugenini au kwenu, zima redio kidogo baada ya hapa, ujiulize: nani anakungoja siku ambayo wengine wote hawafiki?

Familia imeniomba nitoe tangazo moja. Lori litaondoka Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Nusu mzigo.