Aliyenyamaza Kwanza: Risala ya Waokoaji wa Ukingo wa Msitu, Shume

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyeliacha gari kule kwenye tope ukamalizia kilima kwa miguu, wauguzi wetu, mashehe na wachungaji, wazee wetu, shikamooni, na ninyi majirani mlioacha viazi shambani mje kusikiliza.

KARIBU KWENYE UKUNGU

Sisi wanakikundi tunakupokea kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa hali ya hewa. Ukungu huu tunaishi nao kama ndugu wa nyumba moja. Unaingia bila kubisha hodi, na mtu uliyekuwa ukizungumza naye anabaki sauti tu. Tunautaja mapema kwa sababu habari tutakayokusomea ilitokea ndani yake.

TULIVYOANZA

Aliyetukusanya ni muuguzi wa zahanati, Dada Mariamu. Alichoka kuletewa watu waliochelewa: wapasua mbao walioangukiwa na magogo, waendesha bodaboda wa njia ya Lukozi, watoto waliopaliwa na maharage. Akasema kama gari la wagonjwa liko mbali, basi mikono iwe karibu. Ndani ya ghala la viazi akatufundisha kukandamiza kifua cha mtu asiyepumua na kumpulizia pumzi mdomoni. Sanamu ya mazoezi hatukuwa nayo. Tulijaza gunia maganda ya mahindi, tukalivalisha koti ili tulionee huruma.

Somo moja lilitushinda kulikubali. Dada Mariamu alisema radi ikipiga watu kadhaa, usianze na anayelia, kwa sababu anayelia anapumua. Anza na aliyenyamaza, maana huyo akisaidiwa upesi anaweza kurudi.

Evelina, mke wa Rubeni, aliuliza, "Na kama anayelia ni wako?"

Dada Mariamu alilifunga gunia vifungo vya koti. "Hata kama ni wako," akajibu.

SIKU YA RADI

Ilikuwa mchana wa masika, mwaka juzi. Evelina na Rubeni walikuwa wakichimba viazi, na jirani yao Heri, baba wa watoto wadogo, alikuja kuwasaidia kupakia magunia. Mvua ilipoanza, wanaume hao wawili walikimbilia chini ya mkaratusi. Evelina akabaki nyuma kufunika viazi.

Anasema hakusikia mngurumo. Aliona weupe tu, kama shuka limetandazwa juu ya dunia nzima, kisha akajikuta amekaa kwenye tope, masikio yameziba. Ukungu ukashuka. Kila kitu kikawa laini na cha polepole, kama anatembea usingizini.

Sauti ya kwanza kumfikia ilikuwa ya mumewe. "Mama Glory. Mama Glory, mguu wangu."

Aliinuka kuifuata. Njiani akamkuta Heri amelala chali, macho nusu wazi, kifua hakipandi wala hakishuki. Evelina alisimama. Kusimama kwenyewe kulikuwa kufupi, lakini anatuambia kwamba ndani yake yalipita maisha marefu: arusi yao kanisani, Glory akizaliwa, Rubeni akipanda kilima na kuni begani ili yeye asibebe. Halafu akapiga magoti kando ya Heri.

"Nimekusikia, Baba Glory," alisema kwa sauti kuelekea kwenye ukungu. "Endelea kuniita."

Mzee Athumani, mwenye shamba la jirani, alifika mbio na mkewe Hidaya. "Usimguse," alisema. "Huyo bado ana moto wa radi."

"Naomba radhi, mzee wangu," Evelina alijibu, mikono yake tayari iko kifuani pa Heri. "Radi imeshaondoka. Mwili wake hauna umeme. Mama Hidaya, panda pale juu utafute mtandao, uite zahanati."

Alikandamiza, akapuliza, akakandamiza tena. Sauti ya Rubeni ilikuja na kwenda, mara iko karibu kama mtu aliye chumba cha pili, mara kama inatoka ng'ambo ya msitu. Evelina aliishikilia kama kamba. Maadamu inamwita, mumewe yu hai.

Kisha sauti ikanyamaza.

Hapo, mgeni rasmi, aligeuza uso kuelekea ilikotoka sauti. Lakini chini ya vidole vyake mshipa wa shingoni mwa Heri ulikuwa umeanza kupiga, kidogo sana, na pumzi yake mwenyewe bado haijarudi. Angeinuka, angemwacha mtu mlangoni pa mauti. Alimgeukia Mzee Athumani. "Mzee, nenda kwa mume wangu."

Yule mzee akapotea kwenye ukungu. Evelina akaendelea kumpulizia Heri, machozi yakidondoka juu ya uso ambao haukuwa wa mumewe, mpaka Heri alipokohoa na kuvuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Ndipo alipokimbia. Alimkuta Rubeni ameegemea gunia, mguu umeungua, Mzee Athumani amemshika mkono. Alikuwa mzima wa akili.

"Mbona ulinyamaza?" Evelina aliuliza.

"Nilichoka kumwita mtu asiyekuja."

TULIYOYAPATA

Heri yuko hapa, amekaa mstari wa mbele na watoto wake. Sikio moja halisikii vizuri. Siku ile anaikumbuka kama ndoto ya kutembea katikati ya misonobari, watu wengi wakipumua pamoja naye. Mzee Athumani sasa ni mwanakikundi. Mama Hidaya amemtoa mtoto punje ya haragwe kooni sokoni Lukozi.

Rubeni alipona mguu, lakini kwa muda mrefu nyumba yao ilikuwa na maneno machache. Alikula, akaenda shamba, akarudi. Asubuhi moja, wakiosha karoti mtoni, alisema, "Nilidhani umenipita."

"Nilikupita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikusikia."

Rubeni aliendelea kuosha karoti. Jumapili iliyofuata alikuja ghalani kwenye mazoezi, akapiga magoti mbele ya gunia letu na kumwambia mkewe amwonyeshe mikono inawekwa wapi.

YANAYOTUSUMBUA

Si wote tuliowarudisha. Yupo mpasua mbao tuliyemkandamiza kwa zamu mpaka tukaishiwa nguvu, na gari lilipofika lilikuja kubeba maiti. Hatumlaumu dereva, barabara umeiona mwenyewe. Dada Mariamu amehamishiwa mbali. Tangu aondoke tunafundishana wenyewe kwa wenyewe, na tunaogopa kwamba mikono inasahau taratibu bila sisi kujua.

TUNAYOKUOMBA

Tunaomba gari la wagonjwa lilale huku juu, hasa wakati wa masika. Tunaomba sanamu ya mazoezi, gunia lipumzike. Mnara wa simu ungetufaa sana. Zaidi ya yote tunaomba mwalimu. Akiwa Dada Mariamu tutashukuru. Akiwa mwingine, tutampenda vilevile.

Mungu akushushe salama kwenye kona za kurudi Lushoto, akupe afya, na nyumbani kwako pasikosekane mtu wa kuitikia unapoita.

Ni sisi,
Waokoaji wa Ukingo wa Msitu, Shume.

Evelina aliombwa asome, akasema sauti ingemkatikia. Risala imesomwa na mumewe, Rubeni, aliyejitolea mwenyewe.