Mzee Melkizedeki Aliyechelewa Getini Kwake

Baada ya miaka thelathini na miwili ya ulinzi, Mzee Melkizedeki Kitundu anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kazi katika Hospitali yetu ya Misheni ya Mlimani, nje kidogo ya Shelui, wakati geti lenyewe lilikuwa gogo lililolazwa njiani.

Tangu hapo amefukuza mbuzi wodini na kuwarudisha madereva wa malori waliodhani hapa ni gesti. Aliwahi hata kumzuia mgeni rasmi mpaka aliposhuka garini kuwaamkia bibi zetu waliokuwa kwenye foleni.

Kazi yake nyingine ni orodha. Geti hufungwa saa moja na nusu asubuhi. Anayechelewa huandikwa, na jioni hulima shamba la alizeti nyuma ya jiko. Ukiandikwa mara tatu kwa mwezi, unaachishwa kazi. Mzee hamwonei mtu haya, hata mganga mkuu ameshalima.

Sasa, Januari hii jina lake mwenyewe likaonekana mara tatu. Mtu anaishi kwenye kibanda cha getini, halafu anachelewa kufika getini! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Aliyecheka kuliko wote ni mwandishi wa maneno haya, Yustina wa chumba cha kufulia, aliyepita shambani kila jioni kumshauri mzee anunue saa yenye kengele.

Hapa naomba ruhusa ya kusema "mimi", kwa sababu siku hizo tatu mchelewaji nilikuwa mimi. Mama alikuwa hoi kitandani, na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza na kumlisha. Niligundua kwamba mzee akishafunga geti hufumba macho kuomba, basi nikawa napita mlango wa pembeni kwa kunyata, viatu mkononi. Nilijiona mjanja kweli. Kumbe mlinzi huomba jicho moja likiwa wazi, na kila aliponiona aliandika jina lake mahali pa langu.

Kamati ya nidhamu ikamwita, barua ya kumfukuza ikiwa imeshachapwa, miezi mitano tu kabla ya kustaafu. Daktari Leonidas, mganga mkuu, alimuuliza amechelewaje nyumbani kwake. Mzee akajibu kwamba orodha ni ya watakaolima, naye kalima, mengine wasimuulize. Matroni Scholastika, aliyekuwa ameniona nikinyata kupitia dirisha lake, uvumilivu ukamshinda, akanitaja. Nikaitwa, nikaingia.

Mzee aliwaambia kwamba Yesu alisimama msalabani mahali pake yeye mzee, tena wakati mzee bado anamcheka. Hawezi kuimba hayo Jumapili, kisha Jumatatu amwandike binti anayeuguza mama. Adhabu imeshabebwa, alisema, haibebwi mara mbili. Daktari alikuna kichwa, akaichana barua ile. Lakini kanuni ni kanuni, onyo la maandishi lazima liwepo. Mzee akaomba liandikwe kwa jina lake.

Kesho yake nilibeba jembe nikalime sehemu yangu. Mzee alikuja mbio akaninyang'anya. Alizeti ilikuwa imeshachipua, nami nilikuwa nimeng'oa miche saba. Alinigombeza kwa Kinyiramba, kisha akaniambia niende kwa mama. Hapa shambani, alisema, sina tena hukumu yoyote. Nililia njia nzima.

Mzee wetu, wafanyakazi wote tunakushukuru, na tunakuombea afya, mvua za kutosha na wajukuu wanaowahi shule. Katika faili lako la miaka thelathini na miwili kuna barua moja tu ya onyo. Ni yangu hiyo, baba, na unaondoka nayo wewe.