Mfyatua Matofali Aliyeambiwa Amefunga Mvua

Ndugu, jamaa na marafiki, na ninyi mliokaa viti vya mbele, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, wajomba walitaka wasifu huu asome mtu mpole zaidi, nikakataa.

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, mtoto wa nne wa fundi mwashi, akamaliza darasa la saba mwaka 1975, na kwa kuwa ada ya sekondari ilikwenda kwa kaka zake, akashika kalibu ya kufyatulia matofali, wala hakulalamika, ingawa wajomba wakija kwetu alipenda kuwauliza hiyo elimu wameiweka wapi.

Tarehe 12 Agosti 1984 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori la mchanga, wakajaliwa watoto watatu, baba akafariki mwaka 1999, na tangu hapo tulikula, tukavaa na kusoma kwa udongo. Nusu ya nyumba za mtaa huu ni matofali yake, ikiwemo ya Mwenyekiti wa mtaa, ukuta wake ule pale, haujapata ufa.

Miaka hiyo mvua ilikuwa na adabu, ilikuja kwa msimu na kuondoka kwa msimu, mama akifyatua kiangazi na kulima masika. Kisha ikaanza kuchelewa, ikaruka mwaka mzima, mtaalamu wa hali ya hewa akaja kutueleza kwamba dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi ambazo wengi wetu hatutazikanyaga, kwamba bahari ikichemka mvua hupotea njia, kwamba jua kali hunyonya udongo hata pale iliponyesha, na kwamba ikija itakuja yote kwa mkupuo. Mlimpigia makofi, mkanywa soda zake, mkaenda nyumbani.

Septemba 2021, Mwenyekiti, mtani wa mama tangu ujana wao, alimuuliza mama alipopita kwake, mvua iko wapi, naye akamjibu kwa mzaha kwamba ameifungia stoo, ataitoa tanuru lake la matofali likiiva. Walicheka wote wawili, na wiki iliyofuata Mwenyekiti akayarudia maneno hayo kwenye mkutano, bila kucheka.

Kilichofuata mnakijua, mlikuwepo. Ndoo yake ikatolewa kwenye foleni ya kisima, tanuru lake likabomolewa mchana kweupe, watoto wakafundishwa kumkimbia. Tarehe 20 Aprili 2022 mvua ya mwaka mzima ilishuka alasiri moja, ikayayeyusha matofali yake mabichi yote yakarudi kuwa tope, nami nauliza mbele ya jeneza lake, mtu mwenye uwezo wa kufunga mvua angeiachia hiyo? Hakuna aliyempa pole, ukame uliporudi mlihitaji wa kumlaumu, na wenye viwanda wako mbali, mama alikuwa karibu.

Kwa kunyimwa kisima, alikwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, kwa miguu, katika jua ambalo vijana wanalikimbia, akijinyima kunywa ili ndoo ifike. Alianza kuumwa Januari 2023, daktari akatuambia figo zimechoka kwa joto na kiu, na tarehe 9 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akafariki mikononi mwangu.

Tunamshukuru daktari huyo, wauguzi wa wodi ya wanawake, wafyatua matofali wenzake waliolijenga upya tanuru bila kuitwa, na jirani mmoja, muuza mkaa, aliyemletea maji waziwazi, na yeye pia akatukanwa. Majirani wengine, shukrani zenu sijaziandika, na kama mmekuja kuona mawingu yakikusanyika akishafukiwa, angalieni juu.

Ratiba inasema baada yangu Mwenyekiti atatoa salamu za rambirambi. Familia imezifuta. Atasema hapa, kwa sauti ileile ya mkutanoni, kwamba ule ulikuwa utani na alijua ni utani, na asiposema hakuna atakayegusa koleo, hata jua lituchome sote hadi jioni.

Mama, pumzika kwa amani, kinyongo hukuwa nacho, tutakibeba sisi. Mwenyekiti, kipaza sauti hiki hapa.