Barua ya Ijumaa na Pepo Aliyejitaja

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote wa usharika, jina la Bwana libarikiwe katikati yetu. Mimi ni yule wa kwaya ya vijana anayesimama nyuma ya wenzake. Mbele za watu sauti inanikauka, kwa hiyo ushuhuda huu nimeuandika na nimemwomba katibu ausome.

Mama yangu ni muuguzi. Alipoacha kazi ya zahanati alitenga vyumba viwili vya nyumba yetu hapa Lushoto, akawa anatunza wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengi wetu ugonjwa ule hatukuwa na jina lake. Tulisema amechanganyikiwa, amerogwa, ana pepo. Walioletwa walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa Bibi Elizabeti wa Shume. Mwanawe, Baba Neema, alikuwa akimfungia kwenye stoo ya viazi, kwa sababu akiachiwa anaingia msituni na kupotea. Simhukumu. Siku anamleta kwetu alilia.

Watoto wa wazee wengi wako Dar, Tanga na Arusha maofisini, huku hawapandi mpaka Krismasi. Mama aliniambia, "Hawa hawasomi tangazo la mlangoni. Wanasoma imeili. Wewe si unaandika kila siku kwenye hiyo shajara yako? Waandikie." Krismasi ile tukaomba anwani zao, nikaanza kutuma barua pepe moja kwa wote kila Ijumaa, kwa simu ya Mama. Niliandika kama nafanya mtihani wa baiolojia: dalili, visababishi, kinga. Aliyejibu alikuwa mmoja tu: "Tafadhali niondoeni humu."

Mama akasema, "Angalau huyo kasoma."

Ndugu zangu, ndipo Bibi Elizabeti akaanza kupoteza Kiswahili. Kisha Kishambaa nacho kikamtoka. Akabaki na maneno ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeyaelewa. Anayasema kwa sauti nzito huku anakuvuta nguo. Neno moja alilirudia sana, na masikio yangu yalilisikia hivi: mae. Tulimpa uji, tulimpa blanketi, tulimpeleka chooni. Mara anatulia, mara anakuvuta tena.

Familia nyingine ziliogopa, zikachukua wazee wao. Sokoni muuza karoti mmoja alimwambia Mama mbele ya watu, "Mama muuguzi, mashetani yako leo yamekula?"

Mama akaniambia, "Usimjibu. Chagua karoti."

Baba Neema akaleta kikundi cha maombi, Ijumaa asubuhi. Wakaamuru Bibi afunge, asile wala asinywe mpaka pepo atoke. Mama alikataa, akaambiwa huyu si mama yake. Wakamzunguka kitandani, wakamshika mikono, wakauliza, "Jina lako nani?"

Bibi akasema, "Mae."

Wakafurahi kwamba pepo amejitaja. Wakaanza kumwita kwa jina hilo: Mae toka, Mae mwachie mama huyu. Na kila walipotamka, Bibi aliinua uso kama mtu aliyesikilizwa. Halafu hakuna kilichokuja, akalia. Kufika jioni midomo yake ilikuwa imepasuka, na mikono ikavilia damu pale waliposhika. Mama alikuwa akipenya kwa hila na kitambaa chenye maji amloweshe midomo, wakamtoa nje.

Baba Neema alisema Jumatatu anamrudisha Shume, stooni. Mama alijua kule hatatoka mzima. Na sisi hatukuwa na mzee mwingine, maana yake tunafunga kazi yenyewe.

Nilimwomba Baba Neema ruhusa ya kuandika habari za mama yake bila kumtaja jina. Akasema, "Andika unachotaka. Mama yangu alishaondoka. Aliyelala pale ni hilo jingine."

Nikaandika nilichokiona, basi. Sikuweka dalili wala kinga. Neno lile nikaliweka kama nilivyolisikia, nikatuma huku nalia.

Jumamosi asubuhi likaja jibu kutoka Muheza, kwa mzee nisiyemjua. Mkwewe alikuwa kwenye orodha yetu, akampelekea barua yangu. Aliandika: "Binti, hilo si jina la pepo. Mimi ni Mmbugu, kabila dogo la milima hiyo hiyo yenu. Katika lugha yetu ya ndani, tunayoongea wenyewe kwa wenyewe, hilo neno ni maji. Huyo bibi anaomba maji. Mpeni, nami nakuja."

Mama alichukua kikombe. Mlangoni akawaambia wale waombaji waliokesha, "Nipisheni," na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. Bibi akanywa. Akasema mae, akaongezewa, akanywa. Baba Neema akasema polepole, "Nilijua kwao ni Wambugu. Lakini baba alimkataza kile Kimbugu chake, watu walikuwa wanamcheka. Sijawahi kukisikia mimi."

Mzee wa Muheza alifika Jumapili. Alimsalimia Bibi kwa lugha yake, na Bibi akamshika mkono wa koti, akaongea maneno mengi.

"Anasemaje?" Baba Neema akauliza.

"Anauliza huyu baba aliyekaa hapa ni mtoto wa nani."

"Mwambie ni wa Elizabeti."

Mzee akamwambia. Bibi akafikiri, akajibu kwamba Elizabeti hamjui.

Jumatatu ilipofika, Baba Neema hakumchukua.

Ijumaa iliyofuata niliandika yote hayo. Barua ikapita kwa watu nisiowajua, wakaanza kuuliza kama tuna nafasi. Walioondoa wazee wao wakawarudisha, na wengine wakaja kutoka mbali. Leo Mama ana wasaidizi, na kila anayeleta mzazi kwanza anaulizwa: alipokuwa mtoto, kwao waliongea nini?

Bibi Elizabeti hakupona. Aliendelea kusahau hata kumeza, akafariki kwetu, Baba Neema akiwa amekaa karibu naye. Sikuja kuwaambia kwamba Mungu alimrudishia akili. Namshukuru kwamba alimtoa mikononi mwetu tuliokuwa tunamtesa tukidhani tunamwokoa.

Kama una mzazi umemficha ndani kwa aibu, mwamini Mungu umtoe. Akisema usichokielewa, usimkemee. Mtafute mtu wa kwao, akae naye, amsikilize.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyote majumbani mwenu.