Pampu ya Baba Sachin

Milcah alipaswa kushuka Kaptembwo, lakini ugomvi ulikuwa umenoga, basi akaendelea na tuktuk hadi Rhonda, katikati ya fundi na mwenye gari kama refa.

"Nilikwambia utengeneze pampu ya injekta, Ogola! Nani alikutuma uweke kabureta?" Sachin alifoka. "Hiyo gari ya spoti ya baba imekimbia mashindano na pampu ile ile!"

"Boss, spea za pampu hiyo ya alumini hupati hata Nairobi. Nimeweka kabureta mbili za pikapu, ikawaka mara moja. Sasa unalia nini?"

"Pampu yenyewe iko wapi?"

"Nilipeleka skrapu jana. Si ndio kawaida ya gereji? Kilichotolewa ni cha fundi."

"Cha fundi! Baba aliiseti kwa mkono wake, na alipofariki Machi tukamchoma kwa mila yetu!"

"Woiye," Milcah akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Si ungeuliza kwanza, fundi?"

"Mathe, hii si gari yako!"

Sachin akamwamuru dereva awapeleke huko huko, na tuktuk ikasimama Rhonda kwa mnunuzi wa skrapu, vyuma chakavu. Uani, mzee mmoja alikuwa akimimina alumini iliyoyeyuka kwenye kalibu za sufuria. Sufuria nne zilikuwa zimeshapoa.